Gavana alimsamehe, lakini hakumzika mamake

Ninapokaa mimi, Silver Spring, kuna barabara inaitwa Eastern Avenue. Upande huu ni jimbo la Maryland, upande wa pili ni mji mkuu wa Marekani, Washington, D.C. Zamani, kabla bangi haijaruhusiwa huku, ukikamatwa na msokoto upande huu mwenye uwezo wa kukusamehe alikuwa gavana. Ukivuka barabara ukakamatwa kule, ni rais, maana D.C. haina gavana. Msokoto ni ule ule, na polisi unawaona pande zote mbili.

Sisi wa Mombasa jambo hili lilitutatiza. Kwetu msamaha una mlango mmoja. Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imempa rais uwezo huo, akishauriwa na kamati, na mtu yeyote anaweza kupeleka ombi. Gavana wa kaunti hana uwezo wa kumsamehe hata mfungwa mmoja wa gereza la Shimo la Tewa.

Oktoba 2022 Rais Biden aliposamehe waliohukumiwa kwa kupatikana na bangi, simu yangu haikutulia. Watu walidhani mambo yamekwisha. Kumbe msamaha ule ulihusu makosa ya sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, na ya D.C. peke yake, na walio wengi walishtakiwa katika mahakama za majimbo. Ilibidi kila gavana aamue la kwake. Wa Maryland, Wes Moore, aliamua tarehe 17 Juni 2024, akasamehe kwa siku moja hatia zaidi ya 175,000. Mmoja wa waliosamehewa ni rafiki yangu, mtoto wa Likoni, ng'ambo ya kivuko kule Mombasa.

Yeye alikuwa amekamatwa kwenye gari miaka mingi nyuma, bangi kidogo ya kuvuta mwenyewe. Alilipa faini akaendelea na kazi yake ya kulea wazee. Habari za gavana zilipotoka alinipigia usiku akilia kwa furaha. Wiki ile ile akaenda kwa wakili, na wakili akamwambia asikate tiketi ya kwenda nyumbani. Uhamiaji ni sheria ya shirikisho, na kwa makosa ya dawa za kulevya sheria hiyo haijali msamaha wa gavana. Akiwa ndani ya nchi na kadi yake ya kijani, kibali cha ukaazi wa kudumu, kosa dogo la namna ile halimfukuzi. Lakini akitoka, siku ya kurudi anaweza kuzuiliwa uwanja wa ndege kama mgeni anayebisha hodi mara ya kwanza. Na msamaha wa Biden haukumgusa, kwa sababu hatia yake ilikuwa ya jimbo.

Mamake alifariki miezi michache baadaye. Mazishi aliyaona kwenye simu, sahani ya wali aliyopelekewa na majirani ikipoa mezani. Jeneza lilipofika kivukoni mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa tayari wanafukia.

Sasa mtazame mgombea mwenye hatia. Katiba ya Marekani inamtaka anayewania urais awe na miaka 35, awe raia wa kuzaliwa, na awe ameishi nchini miaka 14. Jela haikutajwa. Msoshalisti Eugene Debs aligombea mwaka 1920 akiwa gerezani Atlanta na akapata kura zaidi ya 900,000. Donald Trump alitiwa hatiani New York kwa makosa 34 mwezi Mei 2024, na Novemba akachaguliwa. Mashtaka yalikuwa ya jimbo, kwa hiyo hata akiwa rais hawezi kuyasamehe. Na hapa jirani, Marion Barry wa Washington alifungwa miezi sita kwa kupatikana na kokeini, kisha mwaka 1994 wakazi wakamrudisha umeya. Mimi sina kinyongo na Barry. Alitumikia kifungo chake na watu wakamtaka. Linaloniuma ni kwamba sheria zilizomfungulia yeye njia ya ofisini ndizo zilizomfungia rafiki yangu njia ya kaburini.

Kwetu tumeandika vizuri zaidi, nasema kwa dhati. Ibara ya 99 inamzuia anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi asigombee ubunge, na asiyefaa kuwa mbunge hafai kuwa rais. Akimaliza kifungo, kifungo hicho hakimzuii tena. Tatizo ni rufaa: mpaka iishe, hazuiliwi, na mwenye pesa za mawakili anaweza kuivuta hadi uchaguzi upite. Kijana wa Majengo aliyeshikwa na misokoto miwili hana wakili wa hata siku moja. Anakiri, anafungwa, akitoka anaombwa cheti cha tabia njema cha polisi kwa kazi ya ulinzi, na alama za vidole zinamtaja.

Wabunge wetu wa Pwani wangefanya nini? Waipelekee kamati ya msamaha ombi la vijana hawa wote kwa pamoja, kama Moore alivyowasamehe wake, badala ya kuachia kila mama aandike barua yake. Na watunge sheria ili aliyesamehewa apate cheti kisicho na doa. Sisi tuna serikali moja ya kusamehe. Hakuna Eastern Avenue ya kusingizia.

Desemba nakuja, Inshallah. Rafiki yangu amenipa pesa za marashi na udi, na jina la kaka yake atakayenionyesha kaburi.