Kubana Matumizi Nako Kunahitaji Mtaji

Nunua kwa jumla, subiri bei ishuke, andika kila unachotumia, tenga akiba kabla hujaanza kutumia. Ushauri wa aina hii ni wa zamani, na ukiuchukua mmoja mmoja si rahisi kuupinga. Wanaoulalamikia husema kwamba haumfai mtu ambaye fedha zake huisha kabla ya mwezi kuisha. Wanaoutetea hujibu kwamba mtu huyo ndiye anayeuhitaji kuliko wote. Ninaiandikia zaidi ile hoja ya kwanza, kwa sababu imezoeleka kupokelewa kama kisingizio cha mtu asiyetaka kujihesabia, ilhali mara nyingi anayeitoa amekwisha kujihesabia mpaka senti ya mwisho.

Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kaya inavyozidi kuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Tukiongeza kodi ya nyumba, nauli na dawa, kinachobaki cha kubana ni kidogo mno. Tuchukue mfano: katika kila 100 anazopata mtu, 50 ni kodi na 40 ni mahitaji mengine yasiyokwepeka. Akijinyima hadi zile 10 zilizobaki zipungue kwa nusu, ameokoa 5. Mwenye nyumba akipandisha kodi kwa asilimia 10 tu, hizo 5 zimekwenda zote, na kujinyima kwake hakuonekani popote. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini methali hiyo inachukulia kwamba kibaba hakivuji.

Hata hivyo, ushahidi ninaourudia mara kwa mara unatoka mahali ambapo wengi hawangefikiria kuutafuta, yaani kwenye karatasi za chooni. Watafiti A. Yesim Orhun na Mike Palazzolo walichunguza ununuzi wa bidhaa hiyo katika kaya zaidi ya 100,000 za Marekani kwa miaka saba. Uteuzi wao ulikuwa wa busara: karatasi haziozi, na mtu hazitumii zaidi kwa sababu tu anazo nyingi ndani, kwa hiyo asiyenunua pakiti kubwa wakati wa punguzo hawezi kujitetea kwa kusema angepata hasara. Kaya zenye kipato kidogo zilionekana kuchagua chapa za bei nafuu zaidi, jambo linalotosha kuonyesha kwamba bei walikuwa wakiziangalia. Lakini zilinunua pakiti kubwa mara chache zaidi kuliko kaya zenye uwezo, na hazikuweza kuwahi siku za punguzo kama wenzao. Hasara iliyotokana na hilo iliweza kufikia nusu ya kile walichookoa kwa kuchagua chapa nafuu.

Nusu hiyo ni ya kutafakari. Maana yake ni kwamba mtu anafanya ubanaji ulio ndani ya uwezo wake, kisha sehemu kubwa ya matunda yake inachukuliwa na ule asioumudu. Na kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata hiyo nusu: mwanzoni mwa mwezi, fedha zinapokuwa zimeingia, kaya hizohizo zilikaribia zaidi kununua kama kaya zenye uwezo. Watu ni walewale na elimu yao ni ileile. Kilichobadilika ni fedha zilizokuwa mkononi siku hiyo. Kumfundisha mtu wa namna hii kwamba pakiti kubwa ni nafuu ni kumweleza jambo analolijua na analoumia kila anapolipita.

Upande wa pili nao una haki yake. Wapo wenye kipato cha kutosha ambao hawajui fedha zao zinakokwenda, na kwao daftari la matumizi ni dawa halisi. Hata katika bajeti iliyobana kuna uvujaji unaozuilika, hasa mikopo ya haraka ambayo riba yake haisomwi vizuri wakati wa kuichukua. Pia anayeandika matumizi yake huona mapema kwamba mwezi hautafika, na kugundua siku ya kumi si sawa na kugundua siku ya ishirini na tano. Kwa hiyo sidai kwamba ushauri wote utupwe; ninachodai ni kwamba sehemu yake kubwa imetungwa kwa mtu ambaye tayari ana ziada kidogo, kisha ikahubiriwa kwa wote.

Unaomfaa mwenye bajeti finyu ni ule unaogusa majira ya fedha zake: kuhamisha ununuzi wa vitu visivyooza uende kwenye siku za mwanzo baada ya malipo, kununua pakiti moja kubwa pamoja na jirani na kugawana, kumwomba mwenye nyumba apokee kodi kwa mafungu. Akiba yake ya kwanza nayo haina haja ya kupimwa kwa asilimia ya mshahara. Ipimwe kwa tofauti ya bei kati ya pakiti ndogo na kubwa ya kitu kimoja anachokitumia daima. Akiipata hiyo mara moja tu, kile anachookoa katika ununuzi huo kinaanza kuchangia unaofuata, ilimradi ugonjwa au dharura nyingine isiimeze njiani, kwa sababu ikimezwa atarudi kwenye pakiti ndogo na kuanza upya.