Huduma ikichelewa, ofisa atozwe faini?

Ofisi nyingi za umma hapa Dar es Salaam zimebandika ukutani Mkataba wa Huduma kwa Mteja, unaotaja siku ambazo kila huduma inapaswa kuwa imekamilika. Mikataba hiyo ilienea katika maboresho ya utumishi wa umma ya miaka ya 2000, lakini siku zilizotajwa zikipita, lalamiko la mwananchi anayejibiwa kwamba faili "bado lipo kwa bosi" mara nyingi huishia kwenye sanduku la maoni. Ndiyo maana wapo wanaotaka ahadi hizo ziwe sheria yenye adhabu.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa India, ambako jimbo la Madhya Pradesh lilitunga sheria ya aina hiyo mwaka 2010. Kila huduma iliyotangazwa chini yake ina muda wake na ofisa wake. Akichelewesha bila sababu ya msingi hutozwa rupia 250 kwa siku, zisizozidi 5,000, na fedha hizo zinaweza kulipwa mwombaji kama fidia. Faini yenyewe ni ndogo. Kwa maoni yangu, uzito wa sheria hiyo uko katika kumtaja mtu wa kuuwajibikia ucheleweshaji, kwa sababu faili linapokwama kati ya masjala na meza ya mkuu wa idara bila yeyote kuwajibika, hapo ndipo kishoka anapojipatia wateja.

Wanaopinga nao wana hoja zisizopuuzika. Ofisa wa dirishani hana mamlaka juu ya mtandao unaokatika wala nafasi za kazi ambazo hazijajazwa. Zaidi ya hapo, anayeogopa faini anaweza kuyakataa maombi siku ya mwisho kwa madai kwamba nyaraka hazijakamilika. Mwombaji ataanza upya, na kwenye takwimu hakuna kitakachoonekana kuchelewa. Kwa hati ya ardhi, haraka isiyo na uhakiki inaweza kuwapa watu wawili kiwanja kimoja, na kesi yake ikadumu miaka.

Ukomo wa siku si jambo geni katika sheria zetu, kwani Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kumjibu mwombaji. Ningeunga mkono sheria pana zaidi, ila ianze na huduma zenye hatua chache, kama cheti cha kuzaliwa na leseni ya biashara, na hati za ardhi zisubiri. Mwombaji apewe stakabadhi yenye tarehe ya kupokelewa na jina la ofisa, na kasoro zote za maombi zielezwe kwa maandishi siku za mwanzo, si moja leo na nyingine wiki ijayo. Kinachonitatiza ni ofisi yenye upungufu wa watumishi: ikitozwa taasisi badala ya ofisa, fidia itatoka katika kodi ya yuleyule aliyecheleweshwa.