Nilikuwa Napima Cheche, Sikuwa Najifukiza

Haya. Kwa kuwa ile sauti ya dakika mbili aliyoirusha rafiki yangu kwenye simu za watu imeshafika mpaka Tumbatu, na mimi nina haki ya kusema. Huyo rafiki (jina namsitiri, ingawa yeye hakunisitiri) anadai nimelipua boti ya watu. Sikulipua boti. Boti ipo, imefungwa pale pale Chwaka, nendeni mkaitazame. Kilichoungua ni taulo, nyusi mbili, na masharubu ya upande wa kulia. Basi.

Nyinyi mnanijua. Mimi ndiye yule fundi wa boti ninayewafokea watu kwa sigara. Mimi ndiye niliyemtoa mtu mbio pwani kwa kujaza petroli kwenye tangi likiwa ndani ya chombo, badala ya kulishusha chini kwanza. Kwa hiyo mnaelewa furaha aliyonayo mwenzangu.

Boti yenyewe ni faiba ya futi 23, mashine ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, moja kwa hamsini. Nahodha anataka kutoka na maji ya alfajiri, mashine haiwaki. Wameshaivuta kamba mpaka viganja vimechubuka, choki imetolewa yote, na ule mpira wa kubinyia mafuta umebinywa ukawa mgumu kama embe bichi. Nikafungua plagi, zile za kutoa cheche ya kuwashia: zimelowa chapachapa. Mashine imemeza mafuta kupita kiasi.

Hapo kazi inajulikana. Unachomoa mpira wa mafuta. Tangi unalishusha, unaliweka mbali, upande unakotoka upepo. Na usidanganyike likiwa karibu tupu, maana hilo ndilo limejaa mvuke. Unachomoa klipu ya kuzimia ili umeme usije kabisa, halafu unavuta kamba mara kumi au zaidi matundu yakiwa wazi, silinda ziteme zilichomeza. Unaiacha wazi upepo upite, nusu saa hivi. Ndiyo kwanza unarudisha klipu na kupima cheche: plagi unaziegemeza kwenye chuma mbali na matundu, na matundu yenyewe umeyaziba kwa plagi za zamani. Nimefundisha vijana watatu hivyo hivyo. Mmoja wao ameniandikia jana, ameweka alama ya kuuliza tu.

Mimi nilichomoa mpira wa mafuta. Hayo mengine niliyaruka.

Tangi halikushushwa na mimi. Alilishusha huyo huyo rafiki yangu, akaenda nalo kwenye mikandaa akalikalia kivulini, kwa sababu hapendi kufanya kazi akiwa wima. Uvivu wake ndio uliotuokoa, na hilo kwenye sauti yake hamtalisikia. Hamtasikia pia nani alivuta kamba. Ngojeni.

Saa nne na nusu asubuhi, bamvua, maji yamekupwa hadi kule. Jua kali. Na cheche nzuri ni ya buluu, juani huioni. Nikachukua taulo la nahodha, nikajifunika gubigubi mimi na mashine, kama mtu anayejifukiza mwarobaini. Chini ya miguu yangu kuna chupa ya plastiki niliyoikata, ndani yake kama kikombe kimoja cha petroli niliyoimwaga kutoka kwenye kabureta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu mpaka nne. Haupandi ukaenda zake, unashuka kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, unakaa. Na hauhitaji joto lolote, petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mimi nilikuwa Chwaka, mwezi wa jua, nimeufunikia taulo usitoke.

Nikamwita mwenzangu: njoo uvute. Akaja ananung'unika, tangi kaliacha huko.

Mvuto wa kwanza. Tundu la juu likatema. Nimeuona kwa macho yangu ukungu mweupe, laini, kama marashi yanayotoka kwenye mrashi harusini. Ukanipata usoni. Mtu mwenye akili angetoka hapo. Mimi nikasema, vuta tena.

Mvuto wa pili. Plagi imelala kwenye chuma, shubiri moja kutoka kwenye tundu. Ikafanya *tik*. Ya buluu, safi. Nikafurahi, jamani. Nikasema kwa sauti, na hili ndilo neno ninaloitwa sasa na watoto wa mtaa mzima: "Ipo!"

Haikupiga mlio wa bomu. Ilisema *fuuu*, kama mtu anayepuliza mshumaa uzimike, ila huu uliwaka. Buluu ikageuka chungwa, taulo likawa chemli, na mimi nikawa utambi. Harufu niliijua kabla ya maumivu: kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa.

Sasa, fundi wa boti akiwaka anakimbilia wapi? Baharini. Nikaipiga teke ile chupa bila kujua, nikapanda ubavuni, nikaruka. Kichwa mbele, mikono mbele, mwili umenyooka. Niko hewani ndipo nikakumbuka maji yamekupwa. Nilipata muda wa kuyaona. Yalikuwa mbali sana, yanameremeta.

Nilitua kwenye tope kwa uso. Nakiri, lilizima kichwa.

Huku nyuma chupa imemwaga, ngama inawaka. Mwenzangu, kwa nia njema, akachota ndoo ya maji dimbwini akamwaga. Petroli inaelea. Moto ukapanda juu ya maji ukasafiri nayo kutoka tezi, nyuma, mpaka karibu na omo, mbele, akabaki ameshika ndoo anautazama. Mtungi wa kuzimia moto ninao, wa unga, kilo mbili, mwekundu, nimeununua kwa pesa yangu. Ulikuwa nyumbani, unashikilia mlango usipigwe na upepo. (Msiandike kitu. Mke wangu ameshasema yote.)

Waliotuokoa ni akina mama wa mwani, walikuwa wanarudi na magunia kichwani yanachuruzika maji ya chumvi. Bibi mmoja hakuuliza. Alilitupa lake juu ya mashine, wawili wakalaza yao kwenye ngama, wakakanyagia kingo. Moto ukakosa hewa, ukafa. Kimya. Kisha akanigeukia, mimi nimekaa topeni kama kaa, akanitazama usoni kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu," akasema, "ulikuwa unajifukiza nini?"

Mengine si marefu. Sikio lilitoka lengelenge, nikaliweka chini ya maji ya bomba dakika 20. Dawa ya meno niliikataa ingawa shemeji alishaifungua. Mashine haikuwa na ugonjwa wa cheche hata kidogo, ilikuwa punje ya mchanga chini ya sindano ya boya kwenye kabureta, sindano haifungi, mafuta yanapita tu. Ikawaka siku ya pili, mvuto wa tatu. Nahodha alilipa, akakata bei ya taulo. Magunia matatu ya mwani yenye harufu ya petroli nimeyanunua mimi, yako uani, mwenye haja nayo aje.

Ijumaa ilipofika mke wangu akasema siendi msikitini bila nyusi. Akaleta wanja, akanichora. Tangu hapo kila ninayekutana naye ananiuliza nashangaa nini. Sishangai. Ni huo wa kushoto tu, aliuchora huku anacheka.