Unene wa watoto Uganda: kodi ya soda, wahudumu wa afya wa kijiji (VHT), ama sufuria ya shule?

Ukitaja unene wa watoto hapa Uganda mtu wa kwanza kujibu atakuuliza kama umewahi kufika Karamoja, kule kaskazini mashariki kwenye ukame na njaa. Na swali lake si baya. Ule utafiti mkubwa wa afya ya familia wa 2016 ulikuta watoto 29 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, waliozidi uzito walikuwa kama 4 tu. Sasa wewe unakuja na hadithi za sukari na soda, watu wanakuona umetoka Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala, huna kazi.

Hao watu wana haki, lakini si yote. Hela ya afya ni kidogo, ni kweli, na mtoto aliyedumaa hawezi kungoja. Penye wanakosea ni kufikiri njaa na unene ni mambo ya watu wawili tofauti, mmoja wa kijijini maskini na mwingine wa mjini tajiri. Angalia Tooro, magharibi mwa nchi. Kwenye takwimu zile zile za 2016 Tooro ilikuwa na watoto kama 41 kwa 100 waliodumaa, na Tooro ndiyo matoke, ndiyo maziwa, ndiyo maharage, malori yanapakia huko kila siku kuleta Kampala! Chakula kipo ila maziwa yameenda sokoni, mama yuko shamba, mtoto ameachiwa wanga mtupu toka asubuhi. Na wataalamu wa lishe wameshasema miaka mingi kwamba mtoto aliyekosa lishe zile siku 1,000 za kwanza, kuanzia tumboni, baadaye mwili wake unaweza kuwa mwepesi wa kuweka mafuta. Huyo huyo akihamia mjini na miaka kumi, akaanza chipsi na soda, utasema ni ugonjwa wa matajiri?

UNICEF mwaka 2025 walitoa ripoti kwamba kwa mara ya kwanza duniani watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia wamewapita wale wa uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa 9.2, isipokuwa Afrika kusini ya Sahara na Asia ya Kusini ambako bado wembamba ndio wengi. Namba moja, na kila mtu anaisoma anavyotaka. Mmoja anasema si umeona, sisi bado. Mwingine anasema ndio maana tuanze saa hii kabla hatujafika huko. Mimi niko na huyu wa pili, ila tukishakubaliana kuanza, ugomvi wenyewe ndio unaanza: tuanzie wapi?

Kuna watu wa sheria na kodi. Hawa wanakutajia Meksiko waliotoza peso 1 kwa lita ya vinywaji vya sukari toka 2014, Afrika Kusini Aprili 2018, Chile na zile alama nyeusi kwenye pakiti toka 2016 pamoja na kuzuia vyakula hivyo kuuzwa shuleni. Mfano unaonivutia zaidi ni Uingereza, maana kodi yao ya 2018 inapanda kulingana na sukari iliyo ndani, kwa hiyo kampuni nyingi zilipunguza sukari zenyewe hata kabla kodi haijaanza. Hoja yao ni kwamba huwezi kumwambia mtoto asinywe soda wakati soda iko getini, iko kwenye birthday, na hata mashindano ya mpira ya sekondari yaliwahi kubeba jina la soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, wakati shirika la afya duniani linashauri hata mtu mzima ikiwezekana asizidi kama gramu 25 kwa siku nzima.

Sawa. Lakini Uganda soda inalipa kodi tayari! Shida ni kwamba ni kodi ya kutafuta mapato, haiulizi sukari ni ngapi, yenye sukari nyingi na yenye kidogo zote kapu moja. Na ukimwambia Mganda habari ya kodi mpya kwa ajili ya afya yako anakumbuka ile ya mitandao ya 2018, shilingi 200 kwa siku, nchi nzima ikajifunza VPN za kuikwepa kwa wiki moja. Halafu kodi haimfikii mtu wa juisi ya kavera (mfuko wa plastiki) wala wa mandazi wala mama wa chipsi za mhogo, na kwetu huku Busia bei ikipanda upande mmoja wa mpaka bodaboda inajua njia.

Halafu kuna watu wa jamii, wanasema tuachane na kodi, tuelimishe. Tuna VHT toka 2001, wanajua kila nyumba, tuna misikiti, makanisa, vikundi vya akina mama. Nawapenda hawa lakini wanarahisisha sana. VHT akija nyumbani kupima lishe anakuja na ule utepe wa mkono, mwekundu, njano, kijani. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto apelekwe haraka. Kijani maana yake uko sawa, na baada ya kijani hakuna kitu, utepe hauna rangi ya kusema amezidi. Tena ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59, huyu wa darasa la nne anayekula rolex (chapati ya mayai) mbili kila siku hayumo kabisa kwenye kazi yake. Na VHT ni mtu wa kujitolea, tunamuongezea mzigo na posho yenyewe hapati vizuri.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni hawezi kuliona. Nchi hii ilipita miaka ya 80 na 90 ambayo mtu akikonda majirani walikuwa wanaanza kunong'ona, ukimwi wenyewe watu waliuita slim. Bibi aliyezika watoto wake wawili wakiwa wamebaki mifupa, leo umwendee umwambie mjukuu wake amenenepa mno apunguze? Atakufukuza na atakuwa na haki. Kwake mashavu ya mtoto ni dawa. Ndio maana hata ile ya kupanga watoto foleni mbele ya darasa kuwapima kilo mi siipendi, mnene atachekwa mpaka amalize shule na hakuna kilo hata moja itakayopungua.

Watu wa jamii wakibanwa wanakutajia Amsterdam, ambako toka 2013 jiji liliingia mpaka mitaa maskini kuzungumza na familia. Lakini Amsterdam hawakuhubiri tu. Shule zilizoingia kwenye mpango ziliondoa juisi zikabaki na maji na maziwa. Hiyo ni sheria, bwana, hata kama imekuja na tabasamu.

(Na wale wa mazoezi? Ndiyo, utafiti wa 2018 ulituweka wa kwanza duniani kwa watu wazima wasiokaa bure, 5.5 tu kwa 100 ndio hawafanyi mazoezi ya kutosha, na mzee mwenyewe, Rais Museveni, alitupigia push-up ofisini wakati wa lockdown 2020. Lakini hao wazima wengi wanalima. Mtoto wa Kampala anapakiwa kwenye gari la shule anapelekwa shule isiyo hata na uwanja.)

Kwangu mahali pa kuanzia ni chakula cha mchana cha shule, maana hapo ndipo njaa na unene vinakutana. UPE, elimu ya msingi bila ada, ilianza 1997, halafu sheria ya elimu ya 2008 ikasema kulisha mtoto ni kazi ya mzazi. Shule isiyopika, mwenye kitu anampa mtoto shilingi 500 ama 1,000, asiye na kitu mtoto anakaa hivyo hivyo mpaka jioni. Na 500 getini inanunua nini? Kabalagala (vitumbua vya ndizi), pipi, juisi ya rangi. Kwa hiyo shimo ni moja, mmoja analala njaa, mwingine anashiba sukari, na sisi tunataka kuwatengenezea miradi miwili na makongamano mawili hotelini Kampala.

Posho (ugali) na maharage haina mvuto, najua. Ila ukiongeza mukene (dagaa) na dodo (mchicha) ya bustani ya shule hapo mtoto amekula. Ugumu wake uko kwenye hela, mwalimu mkuu akiomba mchango anaambiwa anatoza ada kwenye UPE na wakubwa wanamkemea redioni, asipoomba sufuria inabaki tupu. Kwenye shule nyingi za binafsi ugumu ni tofauti, kantini ni biashara ya mwenye shule na soda ndiyo inalipa. Hapo mzazi anayelipa ada ana mdomo wa kuuliza na mara nyingi hauulizi. Wale akina mama wa getini msiwafukuze, gonja (ndizi) ya kuchoma, karanga, mayai ya kuchemsha vinauzika, kamati ya wazazi ikae nao mezani.

Kodi ya soda nitaiunga mkono siku ikihesabu gramu za sukari na si chupa. Na siku hiyo waondoe ile ya maji, maana hata maji ya chupa hapa yanatozwa ushuru, na shule nyingi hazina bomba la maji ya kunywa, sasa ukipandisha soda peke yake mtoto mwenye kiu saa saba mchana unamwambia anywe nini.