Uvimbe wa Tezi ya Pituitari: Kosa la Seli au la Wajumbe wa Kemikali?

Wachunguzi wa uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, wamebishana kwa muda mrefu kuhusu chanzo chake: je, seli huanza kuongezeka ovyo kwa sababu haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoiongoza tezi hiyo, huzishurutisha kwa kemikali zake, au kwa sababu zimeharibika zenyewe?

Wanaoilaumu haipothalamasi wana ushahidi usiopuuzika. Dopamini, mojawapo ya kemikali hizo, hushika vipokezi vya D2 kwenye seli zinazotoa prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa) na kupunguza cAMP, ujumbe wa ndani unaoihimiza seli kutoa homoni na kukua. Panya wasio na jeni ya kipokezi hicho huota uvimbe wa prolaktini wanapozeeka, na dawa za bromokriptini na kabergolini, zinazoiga dopamini, hufanya uvimbe unywee kwa wagonjwa wengi.

Hata hivyo, mwaka 1990 ilibainika kwamba uvimbe wa pituitari kwa kawaida hutokana na seli moja, ilhali kichocheo cha nje kingetarajiwa kuzikuza seli nyingi kwa pamoja. Mwaka mmoja kabla, watafiti walieleza badiliko la jeni ya GNAS linaloifanya protini ya Gs, swichi inayowasha uzalishaji wa cAMP ndani ya seli, ishindwe kujizima, hivyo cAMP huzalishwa mfululizo bila amri yoyote kutoka nje. Badiliko hilo hupatikana katika takriban asilimia 40 ya uvimbe unaotoa homoni ya ukuaji. Hata pale uvimbe wa kongosho au mapafu unapomwaga kwa wingi homoni inayochochea homoni ya ukuaji, pituitari huvimba kwa kuongezeka seli zake za kawaida, na ni nadra kuota uvimbe halisi.

Kwa maoni yangu, ushahidi huu wa pili ni mzito zaidi kuhusu mwanzo wa ugonjwa, lakini hauwapokonyi wajumbe nafasi yao baadaye. Seli iliyoharibika bado husikiliza: dawa ya okreotidi, inayoiga somatostatini (kemikali ya haipothalamasi inayozuia homoni ya ukuaji), huweza kuituliza hata pale GNAS imebadilika. Ila kutulizwa si kupona, kwa kuwa prolaktini hupanda tena kwa wagonjwa wengi wanapoacha dawa, na katika uvimbe unaokaidi kabergolini mara nyingi vipokezi vya D2 huwa vimepungua, hivyo kuongeza dozi pekee huenda kusisaidie.