Swingi fupi haiongezi yadi, ila yaweza kukurudishia ulizokuwa ukizipoteza

Katika gofu kuna dai lisilochoka kurudi: unapopiga swingi, yaani kuzungusha fimbo kuupiga mpira, usipandishe fimbo hadi mwisho, ishie robo tatu, na mpira utakwenda umbali uleule huku ukinyooka zaidi. Wanaolitetea wana ushahidi mgumu kuukataa. Karibu kila mchezaji amewahi kupiga mpira kiulaini, bila kutaka makuu, akashangaa kuuona umeupita wa mwenzake aliyejikamua mpaka kofia ikaanguka. Wanaolipinga huuliza swali moja tu: kama swingi fupi inatosha, mbona wanaoshindana kupiga mbali huizungusha miili yao mpaka mwisho? Pande zote mbili zinasema kweli. Tatizo ni kwamba moja inazungumzia kasi na nyingine inazungumzia mguso, na mabishano yanaendelea kana kwamba ni kitu kimoja.

Tuanze na kasi, kwa kuwa hesabu yake haina huruma. Kichwa cha fimbo hupata kasi kutokana na nguvu unayokitia na urefu wa njia ambayo unaendelea kukitia nguvu hiyo. Ukiipunguza njia kwa robo na nguvu ikabaki ileile, kasi haipungui kwa robo, kwa sababu inafuata kipeuo cha pili cha kazi iliyofanyika. Inapungua kwa karibu asilimia 13. Mtu wa maili 95 kwa saa anashuka hadi kama 82, na kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, hizo ni yadi 30 hivi zilizopotea. Kiwanjani hasara inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo, maana nguvu haitoki kwa usawa njia nzima na mtu aliyeishia robo tatu anaweza kufidia kwa kusukuma zaidi anaposhuka. Lakini hakuna mahali katika hesabu hii ambapo kufupisha njia, kwenyewe, kunaongeza umbali.

Basi ule mpira uliopigwa kiulaini ulitokea wapi? Ulitokana na katikati ya uso wa fimbo. Draiva ikiugusa mpira pale panapofaa, mpira huondoka na kasi ya karibu mara 1.48 ya kasi ya fimbo. Ukiugusa pembeni, kizidishi hicho hushuka. Chukua mchezaji wa maili 95 anayegusa pembeni na kupata 1.40: mpira wake unaondoka kwa maili 133. Mwingine ana maili 90 tu, ila anagusa katikati na kupata 1.48: naye anapata maili 133. Aliyepunguza maili tano hajapoteza hata yadi moja, na mpira wake pengine umenyooka, kwa sababu mguso wa pembeni hauli kasi peke yake. Kwenye draiva, ukigusa upande wa kisigino cha fimbo, mpira husokotwa kuelekea kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Ukigusa nchani, husokotwa kushoto. Hapo ndipo penye ukweli wa wapenzi wa swingi fupi. Faida yao haikutoka kwenye ufupi, ilitoka kwenye mguso. Kwa mtu ambaye tayari anagusa katikati kwa swingi kamili, faida hiyo haipo, na kufupisha ni kutupa yadi bure.

Mifano ya mabingwa hutumiwa vibaya na pande zote. Jon Rahm wa Uhispania, aliyeshinda U.S. Open mwaka 2021 na Masters mwaka 2023, hupandisha fimbo kidogo kuliko wenzake wengi, na bado ni miongoni mwa wapigaji wa mbali. Ila ufupi ule hakuuchagua kwa nadharia: alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda, na baada ya matibabu ya utotoni kifundo chake hakikupata uhuru wa kawaida, kwa hiyo swingi yake iliishia pale mwili ulipokubali. Tony Finau naye huishia mapema na mpira unakwenda mbali, lakini ana urefu wa kama mita 1.93, na mikono mirefu huchora duara kubwa hata ikienda nusu. Anayewaiga hawa bila kuwa na maumbo yao anachukua nusu ya mapishi.

Upande wa pili kuna John Daly, ambaye fimbo yake ilipita usambamba na ardhi kwa mbali sana, akashinda PGA Championship mwaka 1991 na The Open mwaka 1995, na mwaka 1997 akawa wa kwanza kumaliza msimu wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, kwa wastani wa mpigo wa draiva unaozidi yadi 300. Mfano unaonipendeza zaidi ni wa Brooke Henderson wa Kanada. Ana urefu wa kama sentimita 163, na kwa miaka alicheza na draiva ya inchi 48, kabla kanuni ya mashindano ya mwaka 2022 kuweka kikomo cha inchi 46. Mtu mdogo aliyehitaji umbali aliutafuta kwenye urefu: wa fimbo na wa swingi. Na ana mataji mawili makubwa.

Kuhusu kunyoosha mpira, dai la swingi fupi ni dogo kuliko linavyosikika. Mpira unapoanzia huamuliwa zaidi na uso wa fimbo unapotazama wakati wa mguso. Ukikosea kwa nyuzi 3, kwenye yadi 200 umetoka pembeni kama yadi 10 na nusu. Kwenye yadi 250, kama 13. Kosa ni lilelile, umbali ndio uliolikuza. Kwa hiyo sehemu ya unyoofu wa swingi fupi ni ufupi wa mpira wenyewe, na huo ungeweza kuupata kwa kuchukua fimbo nyingine kwenye begi. Sehemu iliyobaki ni ya kweli: viungo vichache vikisogea umbali mdogo, kuna makosa machache ya kurekebisha ndani ya robo sekunde ya kushusha fimbo.

Na umbali una thamani kuliko tulivyofundishwa. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua mipigo ya wachezaji wa PGA Tour mmoja baada ya mwingine na kuonyesha kwamba michezo ya mbali, si kupati (kuusukuma mpira shimoni), ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya tofauti kati ya bora na wa kawaida. Bryson DeChambeau alilithibitisha kwa ukatili kwenye uwanja wa Winged Foot mwaka 2020: alishinda U.S. Open akiwa mchezaji pekee aliyemaliza chini ya pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa uwanja), kwa tofauti ya mikwaju 6, huku mpira wake ukitua kwenye feawei, njia ya nyasi fupi, mara 23 tu kati ya 56. Wedji, fimbo fupi ya mipigo ya karibu, kutoka kwenye nyasi ndefu ilimfaa kuliko fimbo ndefu kutoka kwenye feawei.

Lakini DeChambeau ana mikono ya kuung'oa mpira kwenye nyasi zile. Mchezaji wa ridhaa hana, na adui yake hata si nyasi. Ni mpira uliotoka nje ya mipaka, unaomgharimu mkwaju wa adhabu na kumrudisha alikopigia. Kwa mtu wa namna hiyo swali si feawei ngapi amepata, ni mipira mingapi imepotelea mbali. Kama swingi kamili inamletea mipira miwili mitatu ya namna hiyo kwa raundi, yadi zote alizoongeza haziwezi kuilipa.

Kwenye wedji sioni hata cha kubishania. Dave Pelz, mwalimu wa mipigo ya karibu, alifundisha kuihesabu mikono kama mshale wa saa, saa moja na nusu, tatu na nne na nusu kwa hesabu ya Waswahili, ili kila wedji itoe umbali tatu unaojulikana. Dhidi ya upepo pia, mpigo mfupi hupunguza mzunguko wa mpira na kuufanya uruke chini.

Kinachoniudhi ni jinsi ushauri wa kufupisha unavyotekelezwa. Mtu akiambiwa afupishe, anakata mabega na kuiacha mikono iendelee kupanda, wakati ilipaswa kuwa kinyume. Mabega yamalize mzunguko wake. Kinachofuata baada ya hapo, yaani kiwiko kukunjika na kiganja kulegea ili fimbo iendelee kupanda, ndicho cha kukatwa, maana hakiongezi nguvu yoyote. Halafu wengine huharakisha: njia imekuwa fupi, nao wanashuka kabla ya kumaliza kupanda. (Na wengi tunaoamini tunaishia robo tatu, kamera ya simu inatuonyesha fimbo ikiwa imelala sambamba na ardhi. Tulichokipunguza ni mkazo, si urefu, na huenda ndio uliokuwa ugonjwa tangu mwanzo.)

Ndiyo maana sishauri mtu mzima aanze kufupisha draiva kabla ya kupima. Paka unga mwepesi kwenye uso wa fimbo, piga mipira kumi kwa swingi yako ya kawaida na kumi kwa fupi, uangalie alama. Zikitapakaa kwa swingi kamili na kukusanyika kwa fupi, fupisha bila aibu. Zikiwa zilezile, kasoro yako iko kwenye uso wa fimbo au kwenye mshiko, na ufupi hautaigusa.

Kwa kijana nakataa kabisa. Jack Grout alimfundisha Jack Nicklaus kupiga kwa nguvu zote kwanza, unyoofu uje baadaye, na mwanafunzi huyo akaishia na mataji makubwa 18. Kasi isiyojengwa utotoni ni ngumu kuipata ukubwani. Kwa mzee ambaye kiuno kimegoma, watu hukimbilia kumwambia afupishe, wakati kuna njia nyingine aliyoitumia Nicklaus huyohuyo: kuuacha unyayo wa kushoto uinue kisigino wakati fimbo inapanda. Nyonga hupata nafasi, mabega hugeuka, mgongo hauteswi, na swingi inabaki ndefu bila kulazimishwa.