Pikapu kuchuchumaa Mwanza: hesabu ya kushusha springi za nyuma

Simama kando ya barabara ya Nyegezi kuelekea Usagara, uangalie pikapu tupu ikivuka matuta. Mbele inapita kwa adabu, nyuma inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Jirani yangu mmoja, kijana mwenye Hilux ya milango minne anayokwenda nayo kazini na kurudi bila hata debe la mahindi kwenye bodi, alichoka na mruko huo akaamua kuishusha nyuma. Kijiweni tulimcheka. Watu wa huku huenda kwa fundi kuongeza bapa la springi, yaani kimoja cha vile vyuma virefu vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, hawaendi kupunguza. Ila nilipomsikiliza mpaka mwisho niliona ana hoja, na kwamba kosa lake halikuwa lile tulilomchekea.

Pikapu hutoka kiwandani ikiwa imeinua mkia makusudi. Gari la aina hiyo hubeba karibu tani moja, na bapa za springi zake za nyuma zimepangwa ili likae sawa likiwa limeshiba. Likiwa na njaa, springi hizo ni ngumu kupita uzito uliopo juu yake, kwa hiyo kila tuta linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Mwenye kubeba mzigo mara mbili kwa mwaka anaumia mgongo siku zote zilizobaki kwa ajili ya siku hizo mbili. Hapo nampa haki yake yote.

Kuna na jambo la kimo. Pale Mwaloni, Kirumba, wanaopakia magunia ya dagaa wanajua bodi iliyo juu inavyokula mabega. Gunia la dagaa si zito kama la mahindi, lakini ukifika la ishirini, inchi 2 za kwenda juu unazihesabu. Hoja hii kijana hakuitaja, maana habebi kitu. Mimi naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Sasa shida. Kushusha ni kitu kimoja, kulainisha ni kingine, na gereji nyingi huuza la kwanza kwa jina la la pili. Kwenye pikapu nyingi za juu, springi hukaa juu ya ekseli. Fundi akiihamisha ekseli ikakaa juu ya springi, gari linashuka inchi 5 au zaidi, lakini springi ni zilezile na ugumu ni uleule. Kilichopungua ni nafasi ya ekseli kupanda kabla haijagonga mpira wa kuizuia chini ya chasisi. Unaishia na gari la chini ambalo bado linaruka, na sasa linagonga. Mara nyingi hata chasisi lazima ikatwe kuipisha ekseli, na kukata chasisi si kazi ya kumwachia mtu kwa sababu tu ana mashine ya kuchomelea. Njia ya pili, kutoa bapa moja au mawili, inalainisha kweli, ila uwezo wa kubeba unaondoka na bapa hilo. Shokapu nazo zinabaki zimebanwa muda wote. Za urefu uleule hazidumu.

Nilimuuliza, "Mdogo wangu, na breki je?" Akanijibu breki ziko mbali na springi. Haziko mbali. Pikapu nyingi za zamani kidogo, hizi tunazoziona mjini kila siku, zina kifaa cha kugawa breki kilichofungwa kwenye chasisi, na kijiti chake kinashuka hadi kwenye ekseli. Mkia ukishuka, kifaa kinaelewa kwamba gari limepakia, kinaziongezea nguvu breki za nyuma. Mkia ukipanda, kinazipunguzia. Ukishusha gari bila kukirekebisha kijiti hicho, umekidanganya: bodi tupu, chenyewe kinahesabu mzigo. Ukanyage breki ghafla kwenye mteremko wa Bugando, mvua inanyesha, tairi za nyuma zinaganda kabla ya zile za mbele na mkia unataka kutangulia. Magari mapya zaidi hugawa breki kwa kompyuta. Ya kijana si mojawapo.

Taa za mbele nazo, mkia ukishuka, zinatazama juu na kuwapofusha wanaokuja. Hilo linarekebishika kwa bisibisi, basi tu watu hawarekebishi.

Halafu kuna ziwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wengi wameanza kusahau kivuko. Lakini anayekwenda Sengerema kwa kupitia Kamanga, au Ukerewe kwa kupitia Kisorya, bado anapanda pantoni, na mlango wa pantoni hauna pembe moja. Unalala au kusimama kufuatana na maji na gati. Pikapu ina mkia mrefu, na tairi la akiba limening'inia chini yake. Gari lililoshushwa linaweza kupandisha pua salama, kisha likakwaruza matako kwenye bati abiria wote wakiangalia. Wanaokaa kwenye vilima vya mawe, Igogo au Mabatini, hawahitaji hata pantoni. Mfereji uliochimbwa na mvua mbele ya geti unatosha.

Kabla ya kugusa springi, ningeanza na upepo wa tairi. Kibandiko cha mlangoni mara nyingi hutaja kiasi cha upepo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, na watu wengi hujaza cha mzigo mwaka mzima. Ikishindikana, inchi 1 au 2 kwa springi laini zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, pamoja na shokapu zake, yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) mpya badala ya zile zilizokwisha kuvutika, na kijiti cha breki kurekebishwa, sioni ubaya wake kwa mtu asiyebeba.

Ila nani Mwanza ana pikapu na habebi? Ukiwa nayo, si yako peke yako. Msiba ukitokea mtaani, viti na turubai vitapanda humo. Mwanakwaya akiolewa, kabati litapanda humo. Hawatakuuliza springi zako zina bapa ngapi, watakuuliza unakuja saa ngapi.

Kijana alitoa bapa moja kila upande na anasema gari sasa linapita matuta kama la kifahari. Bapa zenyewe kaziweka stoo, nyuma ya mlango. Juzi nilimkuta anamuuliza fundi kama kuzirudisha ni kazi ya siku moja: shangazi yake aliyeko Geita anahamia mjini, na ana mashine ya kusaga.